Kaolini na naitrojeni: kwa nini vidonge vyangu vimetoka na ganda jeupe na kiini cheusi?

KauriKisumu aliandika:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Kisumu, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikijaribu kutengeneza sialoni kutokana na kaolini, yaani udongo mweupe wa kauri. Kwa wasioijua, sialoni ni kauri ambayo jina lake limeundwa kwa alama za elementi zake nne, yaani silikoni, alumini, oksijeni na naitrojeni. Ni ngumu, huvumilia kutiwa motoni ghafla bila kupasuka, na alumini iliyoyeyuka haishikamani nayo. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivuta. Kuna mafundi wa jua kali karibu na soko la Kibuye ambao huyeyusha mabaki ya alumini na kusubu sufuria kwa kukisia joto kwa macho, nami niliwapelekea kipimajoto chenye ala ya udongo niliyoifinyanga mwenyewe. Mara ya tatu kuitumbukiza, ala ilitoka imeliwa ubavuni kama muhindi uliotafunwa, kwa sababu alumini iliyoyeyuka huinyang'anya silika (oksidi ya silikoni iliyomo katika udongo) oksijeni yake. Tangu siku hiyo sijatulia.

Nilifanya hivi. Nilichukua gramu 20 za kaolini ya Eburru, kule ambako mvuke wa joto la ardhini umegeuza miamba ya volkeno kuwa udongo mweupe, nikaichanganya na gramu 5 za mkaa wa makapi ya mpunga niliyoyapata Ahero na kuyachoma ndani ya debe lililofunikwa. Nilisaga mchanganyiko kwa saa moja, nikaushindilia kwa jeki ya gari ya tani 20 hadi nikapata vidonge viwili, kila kimoja kipana kama kifuniko cha soda na kinene kupita sentimita moja. Nilivitia katika mrija wa alumina, yaani oksidi ya alumini, wenye kipenyo cha milimita 50, nikapandisha joto kwa nyuzi 5 kila dakika hadi nyuzi 1450 za Selsiasi, nikakaa hapo saa nne. Naitrojeni niliipitisha kwa mililita 50 kwa dakika, kwa maana mtungi ni ghali na nilitaka udumu. Nilipozima tanuri nilifunga na mtungi.

Kwa hesabu zangu nilipaswa kupata gramu 15, lakini mizani ilisoma 18.9. Nilipovunja kidonge kimoja niliona ganda jeupe la unene wa kama milimita 2, kisha utepe wa kijivu, na ndani kabisa kiini cheusi kinachochafua vidole. Nilijaribu kukwaruza kioo kwa kipande cha ganda jeupe na kioo kikakwaruzika, nikafurahi kwa muda, ila nadhani furaha hiyo ilikuwa ya mapema.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, nimekosea wapi? Pili, nimesoma kwamba gesi ya amonia hufanya kazi hii katika joto la chini kuliko naitrojeni. Je, nibadilishe gesi?

MwalimuWaKemia, Kakamega, alijibu:

Ndugu, asante kwa kutoa vipimo vyako vyote, kwa sababu bila uzito na kasi ya gesi tungekuwa tunabahatisha. Niruhusu nianze na kaboni, kwa maana nadhani kosa kubwa liko hapo na halikutokea ndani ya tanuri.

Kaolini safi ikigeuka yote kuwa sialoni ya kawaida, ile ambayo silikoni na alumini zimo kwa idadi sawa, hesabu yake ni hii: gramu 100 za kaolini zinahitaji gramu 23.3 za kaboni na kumeza lita 15 na nusu za naitrojeni. Kinachotoka ni gramu 73 za sialoni, gramu 14 za maji, na lita zipatazo 46 za kaboni monoksaidi. Kwa gramu 20 ulizotumia, kaboni inayotakiwa ni gramu 4.65, kwa hiyo gramu zako 5 zingetosha na kubaki kidogo, kama zingekuwa kaboni tupu. Tatizo ni kwamba mkaa wa makapi ya mpunga si kaboni tupu hata kidogo. Mpunga hufyonza silika kutoka ardhini na kuiweka katika ganda la punje, na ndiyo maana ganda hilo hukwaruza mikono ya wanaopepeta. Makapi makavu yakichomwa hadi mwisho hubakiza majivu yapatayo moja ya tano ya uzito wake, na majivu hayo karibu yote ni silika. Ukiyafanya mkaa kwanza, moshi na mvuke huondoka lakini silika haiendi popote, kwa hiyo sehemu yake katika mkaa hupanda hadi karibu nusu.

Maana yake ni kwamba ulipunguza kaboni na papo hapo ukaongeza silika, ambayo nayo inadai kaboni yake. Tafadhali chukua gramu 1 kamili ya mkaa huo, iweke katika kikombe cha kauri kilicho wazi, ichome kwa nyuzi 800 hewani mpaka isibaki chembe nyeusi, kisha utuambie majivu yana uzito gani. Tukiipata namba hiyo tutaisoma vizuri ile 18.9 yako.

Jambo hili la makapi lina historia inayofurahisha. Sialoni zenyewe zilitangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali bila kushauriana, moja la K. H. Jack katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na jingine la Oyama na Kamigaito huko Japani. Walioonyesha kwamba unga wake unaweza kupatikana moja kwa moja kutoka udongo, kaboni na naitrojeni walikuwa Lee na Cutler wa Utah, Marekani, mwaka 1979. Watafiti hao hao wawili, mwaka 1975, walikuwa wametengeneza silikoni kabaidi, yaani kiwanja cha silikoni na kaboni, kwa makapi ya mpunga, kwa sababu ile ile iliyokuangusha wewe: ganda la mpunga lina silika na kaboni pamoja, zimeshikana kwa ukaribu ambao hakuna kinu kinachoweza kuufikia. Kwa hiyo makapi ya Ahero si mali ya kutupa. Ila kwa kazi yako ya sasa yanavuruga hesabu.

Sasa kuhusu kile unachokiona ndani ya kidonge. Kaolini haiendi kwenye sialoni kwa hatua moja. Kati ya nyuzi 450 na 600 inapoteza maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake; karibu na nyuzi 980 mpangilio wake unavunjika na kuanza kujipanga upya; kupita nyuzi 1200 unakuwa na mulaiti, ambayo ni kiwanja cha alumina na silika, pamoja na silika iliyobaki peke yake. Ikiwa kuna kaboni na hewa haimo, karibu na nyuzi 1400 kaboni inaanza kuishambulia silika hiyo, na silikoni kabaidi hujitokeza kwanza. Baadaye naitrojeni inaingia, mulaiti inavunjwa, na sialoni inakua mahali pake. Hatua hizi hupishana badala ya kufuatana kwa utaratibu. Ganda lako jeupe, kwa maoni yangu, ni mulaiti, yaani mahali ambapo kaboni iliungua kabla ya kufanya kazi. Mulaiti nayo hukwaruza kioo, kwa hiyo jaribio la kioo halitofautishi lolote. Kiini cheusi kinachochafua vidole ni kaboni ambayo haijatumika, na hilo linashangaza, maana kaboni ilikuwa pungufu na bado nyingine imebaki. Ukiona upungufu na masalio pamoja, tafuta kilichozuia gesi. Hapo namwachia Fundi wa Nakuru, ambaye najua atasoma uzi huu.

Ningependa pia uweke akilini jambo moja kuhusu ala yenyewe. Mchanganyiko wenye kaboni ya kutosha huingia tanurini ukiwa na gramu 25 na kutoka na gramu 14.6, na sialoni ni nzito kwa ujazo kuliko udongo. Ukifinyanga ala kwanza kisha uichome katika naitrojeni, itatoka imejaa vinyweleo, na alumini itaipenya. Njia iliyozoeleka ni kutengeneza unga wa sialoni kwanza, kuusaga, kuutia oksidi kidogo ya itriamu, kuushindilia kwa umbo la ala, na kuuchoma tena katika naitrojeni kwa nyuzi zaidi ya 1700. Kwa hiyo tanuri lako la sasa litakupa unga mzuri, lakini ala itahitaji tanuri jingine.

FundiTanuri_Nakuru alijibu:

Mwalimu ameniita, nami naitika. Nimejenga na kutengeneza matanuri ya umeme kwa muda mrefu hapa Nakuru, mengi ya shule na ya mafundi wa meno, na machache ya gesi kama lako.

Kabla ya yote: umetuambia kila kitu isipokuwa mahali gesi inapotokea. Kwa hesabu ya Mwalimu, gramu 20 za kaolini zikikamilika hutoa lita 9.3 za kaboni monoksaidi. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2 na nusu kina lita 30,000 za hewa. Gesi hiyo yote ikibaki chumbani ni sehemu 310 katika kila milioni, ilhali kikomo cha kisheria kwa wafanyakazi nchini Marekani ni sehemu 50 kwa siku ya kazi ya saa nane. Haina rangi wala harufu, na uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, kwa hiyo haizami chini kama gesi ya kupikia wala haipandi ikatokea darini, inachanganyika tu. Sote tumesikia habari za familia zilizolala na jiko la makaa ndani ya nyumba. Ni gesi ile ile. Toa bomba la kutokea nje ya dirisha, mbali na mahali watu wanapopita, weka kengele ya kaboni monoksaidi ukutani, wala usichome ukiwa peke yako jengoni. Sitaendelea kukushauri kuhusu kasi ya gesi kwa moyo mkunjufu mpaka utuambie kwamba hilo limefanyika.

Nikichukulia kwamba utalifanya, kasi yako ya mililita 50 kwa dakika ndiyo iliyoziba pumzi ya vidonge. Katika saa nne ulipitisha lita 12 za naitrojeni. Mmenyuko ungekamilika ungemeza lita 3 na kurudisha lita 9.3 za kaboni monoksaidi, yaani gesi inayotoka ingekuwa zaidi ya nusu ni monoksaidi. Mmenyuko huu huenda na kurudi. Monoksaidi ikijaa kuzunguka kidonge, kaboni inashindwa kuendelea kuichukua oksijeni ya udongo, na katikati ya kidonge kinene kilichoshindiliwa kwa jeki hali ni mbaya zaidi, kwa maana monoksaidi inatakiwa itoke kwa vinjia vile vile ambavyo naitrojeni inatakiwa kuingilia. Hapo ndipo kiini chako cheusi kilipobaki. Pandisha kasi hadi mililita 500 kwa dakika. Mtungi mkubwa wa lita 50 uliojazwa kwa baa 200 una karibu mita 10 za ujazo za gesi. Kwa kasi hiyo, uchomaji wa saa kumi pamoja na kupoa unatumia lita 300, kwa hiyo mtungi mmoja utakupa kama mara thelathini. Ulichohifadhi kilikuwa kidogo kuliko ulichopoteza.

Ganda jeupe linaweza kuwa na asili mbili, na nadhani zote zipo. Ya kwanza ni oksijeni inayoingia wakati wa kupanda, ama ndani ya naitrojeni yenyewe, ama kwenye mipira ya kuzibia mwisho wa mrija. Pitisha naitrojeni kwanza kwenye mrija mdogo uliojazwa vipande vya waya wa shaba vilivyopashwa hadi kama nyuzi 500, kisha kwenye chembe za kukausha unyevu. Waya chakavu wa mafundi wa umeme unatosha, mradi uondoe plastiki yote na kuusugua. Utaona sehemu ya mbele ya shaba ikigeuka nyeusi taratibu kadiri inavyokamata oksijeni, na weusi huo ukikaribia mwisho wa mrija, ujue umefika wakati wa kuibadilisha. Asili ya pili ni pale ulipofunga mtungi. Gesi iliyo kwenye nyuzi 1450 ikipoa hadi joto la chumba hunywea ikawa karibu moja ya sita ya ujazo wake, na nafasi inayobaki huvutwa hewa kutoka popote inapopata upenyo. Vidonge vyako vilikuwa bado vyekundu wakati hewa ilipoanza kuingia. Acha naitrojeni ipite mpaka tanuri lishuke chini ya nyuzi 200, na kwenye bomba la kutokea weka chupa ya mafuta ambayo gesi inapita ikitoa viputo, ili ukiona viputo vimesimama ujue kuna jambo.

Kuhusu mrija wa alumina, kasi ya nyuzi 5 kwa dakika ni ya juu kwa mrija mnene. Mimi hutumia 3. Mwaka jana umeme ulikatika nikiwa nyuzi 1400, ukarudi baada ya dakika ishirini, nami kwa haraka zangu nikaliacha tanuri lipande kwa nguvu zote. Mrija ulipasuka kwa mlio kama wa tawi kavu, na ufa ulizunguka mduara mzima. Tangu hapo kidhibiti changu kimewekwa ili umeme ukirudi tanuri lisiwake lenyewe.

Amonia usiiguse katika maabara yako. Ni kweli kwamba inaleta naitrojeni iliyo tayari kufanya kazi, na wapo waliotengeneza vitu vizuri kwayo. Lakini katika joto hilo sehemu yake kubwa huvunjika kuwa naitrojeni na haidrojeni, na haidrojeni hulipuka ikiwa hewani kuanzia sehemu 4 katika mia. Isitoshe, amonia hula shaba na shaba nyeupe, na vidhibiti vingi vya mitungi vinavyouzwa madukani vimetengenezwa kwa shaba nyeupe. Ungehitaji vifaa vya chuma kisichoshika kutu kuanzia mtungini hadi mwisho, pamoja na njia ya kuosha gesi inayotoka. Naitrojeni inatosha kabisa. Ukipata shida ya mitungi, waulize wanaopandikiza mbegu za ng'ombe ni wapi wanajaza naitrojeni yao ya kimiminika. Lita moja yake hutoa karibu lita 690 za gesi, tena kavu.

MamaVyungu_Ilesi alijibu:

Mwanangu wa Kisumu, nimesoma maneno ya Mwalimu na ya Fundi mara mbili. Mimi si mwanakemia. Nafinyanga vyungu hapa Ilesi kama alivyofanya mama yangu, ila nadhani kuna jambo ninaloweza kuongeza kwa sababu huo moyo mweusi ninaujua.

Chungu kikiwa kinene na moto ukaenda mbio, nje kinaiva chekundu na kizuri, lakini ukikivunja utakuta ndani pana mstari mweusi kama wino. Nyasi na mizizi iliyokuwa ndani ya udongo imeungua nusu, hewa haikufika. Dawa yetu si kuongeza moto. Dawa ni kufanya ukuta uwe mwembamba, kutia mchanga au vigae vilivyosagwa ili udongo uwe na njia za kupumulia, na kwenda polepole. Tunapotaka chungu cheusi kwa makusudi tunafanya kinyume, tunakizika katika majani na samadi kavu kikiwa bado cha moto ili hewa ikose kabisa. Kwa hiyo naelewa mnaposema kwamba gesi inayokizunguka chungu ndiyo inayoamua kitakuwa nini.

Kushindilia kwa jeki, kwa maoni yangu, ndiko kulikofunga njia. Jaribu kuufanya mchanganyiko uwe laini kama wa kufinyangia, kisha uusukume kwa bomba la sindano kubwa ya mifugo isiyo na sindano, utoke kama tambi nyembamba. Kata tambi hizo, zianike kivulini siku mbili, uzipange zikiwa zimelegea ili gesi ipite kati yake. Tambi yenye unene wa milimita 3 haina mahali pa kuficha moyo mweusi.

Jambo jingine, usishawishike kutumia udongo wetu wa vyungu kwa kazi hii kwa sababu tu uko karibu. Ni mwekundu kwa chuma na una mchanga mwingi. Kwa moto wetu unakaa vizuri, lakini aliwahi kuuchukua kijana mmoja akaupeleka katika tanuri la joto kali, akaniletea kitu kama lami iliyoganda. Hata huo mweupe wa Eburru uoshe. Uloweke katika ndoo ya maji mengi, ukoroge sana, uache kwa muda wa kuhesabu hadi mia, kisha uyamimine yale maji yaliyofanana na maziwa katika ndoo nyingine kupitia kitambaa. Mchanga unabaki chini. Maji hayo yakilala usiku mzima, asubuhi utakuta udongo umetua laini kama siagi.

KauriKisumu aliandika:

Mwalimu, Fundi na Mama, nawashukuru kwa dhati. Nimekaa na majibu yenu juma zima.

Nianze na la hatari, kwa kuwa Fundi aliliweka mbele. Bomba la kutokea lilikuwa linaishia kwenye kona ya chumba, nyuma ya meza. Nilikuwa nikipata maumivu ya kichwa siku za kuchoma nikadhani ni joto. Sasa bomba linatoka nje kupitia ukutani, juu ya paa la ghala ambako hakuna mtu anayepita, na kengele imewekwa.

Mkaa wa makapi niliuchoma kama Mwalimu alivyoagiza. Gramu 1 iliacha majivu meupe yenye uzito wa gramu 0.46. Mpira wa kuzibia upande wa kutokea niliukuta umekauka, una nyufa ndogo unazoziona ukiukunja. Kwa kaboni mpya nimetumia sukari ya dukani: nimeiyeyusha katika maji, nikaikausha juu ya moto mdogo hadi ikawa nyeusi, kisha nikaifunga katika kikombe chenye kifuniko na kuipasha hadi nyuzi 900. Mkaa wake nilipouchoma hewani sikuona majivu ambayo mizani yangu inaweza kuyapima. Kaolini nimeiosha kwa ndoo mbili kama Mama alivyoelekeza, na chini ya ndoo ya kwanza palibaki mchanga wa kijivu ambao sikujua kwamba upo.

Mwalimu, nisaidie kusoma ile 18.9. Na je, nitajuaje kwamba safari hii nimefaulu kabla ya kupata nafasi kwenye mashine ya eksirei ya kutambua fuwele iliyoko chuo kingine, ambako foleni ni ndefu?

MwalimuWaKemia, Kakamega, alijibu:

Kwa majivu ya 0.46, gramu 5 zako za mkaa zilikuwa na silika gramu 2.3 na kaboni isiyozidi gramu 2.7. Kaolini ilidai gramu 4.65 za kaboni, na silika iliyoongezeka ilidai nyingine 0.92, kwa hiyo ulikuwa na chini ya nusu ya ulichohitaji. Maji yakiondoka peke yake, gramu zako 25 zinakuwa 22.2. Kaboni yote ikiungua bure kwa hewa, unabaki na 19.5, ikifanya kazi yote iliyokusudiwa, unabaki na 18.0. Namba yako iko kati ya hizo mbili za mwisho, na kwa kuwa kaboni nyingine ilibaki kiini, naweza kusema kwamba baina ya sehemu mbili na nne kati ya tano za kaboni zilifanya kazi, nyingine iliungua na nyingine ilikaa tu. Nimeiweka kando silikoni kabaidi katika hesabu hii, kwa hiyo uichukue kama makadirio.

Safari hii tia gramu 5.1 za kaboni ya sukari kwa gramu 20 za kaolini, yaani moja ya kumi zaidi ya inayotakiwa. Ukishatoa tambi, zichome tena hewani kwa nyuzi 650 kwa saa mbili ili kaboni iliyozidi iondoke. Sialoni haitadhurika kwa joto hilo. Kisha pima. Ukipata karibu gramu 14.6, endelea kwenye foleni ya eksirei kwa matumaini. Ukipata zaidi ya 16, mulaiti imebaki. Ukipata chini ya 14, angalia sehemu ya baridi ya mrija upande wa kutokea: kama kuna utando wa manyoya meupe au ya kahawia, silika imetoroka ikiwa gesi ya silikoni monoksaidi na kuganda pale, na dawa ni kushusha joto kidogo na kukaa muda mrefu zaidi. Kisha saga kipande kidogo, kitie katika maji ya uvuguvugu, ukinuse baada ya saa moja. Harufu ya amonia itakuambia kwamba naitrojeni imezidi na alumini naitraidi imejitokeza, kwa sababu hiyo huvunjwa na maji, ilhali sialoni haivunjwi hivyo.

Kwenye eksirei, mwambie mwendeshaji alinganishe na silikoni naitraidi ya aina ya beta. Mistari ya sialoni hufanana nayo lakini yote husogea upande wa pembe ndogo, kwa maana alumini na oksijeni zimeipanua fuwele. Kadiri ilivyosogea ndivyo alumini ilivyoingia zaidi.

FundiTanuri_Nakuru alijibu:

Badilisha mipira yote miwili, si ule ulioupata na nyufa pekee. Na kabla ya kuwasha, funga bomba la kutokea kwa dakika kumi huku ukiwa umejaza mrija kwa shinikizo dogo sana, upake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Palipo na kiputo pana oksijeni.

KauriKisumu aliandika:

Nimepaka sabuni leo jioni. Kiungo cha tatu kutoka mtungini kilitoa viputo vidogo kama mayai ya samaki. Nimekikaza na vimekoma. Tambi ziko kivulini tangu jana. Nitachoma Jumamosi, nikiwa na mwenzangu mmoja, na Jumatatu nitaleta uzito hapa.